Kompyuta Isiyoonyesha Kitu

Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, ukumbini shuleni



Ndugu Mwenyekiti aliponiandikia kunialika alisema nizungumze juu ya maendeleo ya elimu ya kompyuta. Namwomba radhi mbele yenu. Mada hiyo ni pana mno, na mwenye kuizungumza kwa nusu saa aghalabu humaliza bila ya kusema kitu. Mimi ni fundi. Nitazungumza juu ya kompyuta moja tu, ile iliyo katika maabara ya fizikia, ambayo vijana wa chama cha kompyuta waliiunga kwa mikono yao kutokana na vipande vilivyonunuliwa kwa michango yetu, na ambayo tangu siku ya kwanza ilipowashwa haikuonyesha hata nukta moja kwenye skrini.

Habari yake mnaijua, maana imo katika ajenda ya mchana, jambo la nne. Aliletwa fundi mmoja, akaitazama kwa robo saa, akasema ubao mkuu umeungua na prosesa yamkini imekwenda nao. Baada ya hapo yakafuata mawili. La kwanza, limeletwa pendekezo kwamba fedha zilizobaki zinunue kompyuta moja iliyokwisha kuungwa kiwandani, na vijana wasiguse vyuma tena. La pili, kijana wa kidato cha tatu aliyeunga nyaya zake amesemwa kuwa ndiye aliyeiunguza, na mzazi wake amekwisha kuulizwa habari za fidia. Kijana huyo aliacha kuja katika chama. Leo yumo humu ukumbini, nilimwomba aje.

Sikuja kuwaambia mpige kura namna gani. Lakini nimekuwa maabara tangu Alhamisi pamoja na vijana wanne, na nadhani ni haki yenu kuyajua tuliyoyaona kabla hamjainua mikono.

Nianze na neno lenyewe, "imekufa". Ukiwasha redio isiseme, husemi imekufa kabla hujatazama betri. Kompyuta ina udanganyifu wake: feni zinazunguka, taa zinawaka, upepo unasikika, na skrini ni nyeusi tititi. Mtu akiona hivyo husema, "Umeme upo, basi kilichokufa ni ubongo." Feni, ndugu zangu, inazunguka kwa sababu imepata volti 12. Haithibitishi cho chote zaidi ya hapo, wala uzima wala kifo.

Picha kwenye skrini huja mwishoni mwa safari ndefu, ingawa safari hiyo huchukua sekunde chache. Ukichomeka plagi ukutani, hata kabla hujabonyeza kitu, pawa saplai huwa imekwisha kutoa volti 5 za kukesha, kama mlinzi wa usiku. Kitufe cha kuwashia hakiwashi umeme wenyewe. Kinagusanisha pini mbili kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi wanauita mazabodi, na ubao ndio unaoiamsha pawa saplai. Hapo hutoka volti 12, volti 5 na volti 3.3. Pawa saplai hungoja sehemu ya sekunde mpaka volti zitulie, kisha hutuma ishara katika waya mmoja wa kijivu kusema kwamba umeme ni safi. Bila ya ishara hiyo ubao hauiachi prosesa ianze.

Nayo prosesa ikiachwa ianze haijui kitu. Haijui kama ina ramu, haijui skrini ni nini. Kuna chipu ndogo juu ya ubao iliyoandikwa programu ya kuamshia. Jina lake la zamani ni biosi, na mafundi tunaliita hivyo mpaka leo ingawa programu yenyewe imebadilika sana. Humo ndimo zinamotoka amri za kwanza: kuipima ramu na kuizoeza mwendo wake, kuitafuta kadi ya picha, kuiamsha. Ndipo, baada ya hayo yote, herufi ya kwanza hutokea.

Kwa hiyo skrini nyeusi haitaji ugonjwa. Inasema tu kwamba mjumbe hakufika, na kazi ya fundi ni kujua amekwama kituo gani.

Wazee wenzangu mtapenda kusikia kwamba kompyuta za kuunga nyumbani zilianza bila ya skrini kabisa. Altair 8800, iliyotangazwa Marekani mwaka 1975 na kuuzwa kama vipande vya kulehemu mwenyewe, ilikuwa na swichi na vitaa vyekundu mbele, basi. Mwenye nayo alisoma majibu kwa kutazama vitaa. (Huku kwetu Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka uliotangulia, 1974, kwa hiyo msishangae kama hamkuiona.) IBM walipotoa kompyuta yao ndogo mwaka 1981 waliiwekea spika, na ikiugua kabla ya skrini kuamka hicho ndicho kilikuwa kinywa chake. Ikijipima na kujiona nzima ililia mlio mmoja mfupi. Ikijiona ina kasoro ililia vingine. Mbao nyingi za siku hizi huuzwa bila ya spika hiyo, lakini zilizo nyingi zina vitaa vinne vidogo pembeni, vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Vinawaka kimoja baada ya kingine, na kile kinachobaki kikiwaka ndicho kituo alipokwama mjumbe. Ubao wetu unavyo. Katika maelezo ya fundi yule sikuona neno hata moja juu ya vitaa hivyo.

Sasa tuje maabara.

Kabla ya kugusa kitu niliwataka vijana wafungue daftari. Kila tulichobadili kiliandikwa upande wa kushoto, tulichokiona upande wa kulia, na hatukubadili vitu viwili kwa pamoja hata mara moja. Hapo awali, kwa hamu yao, walikuwa wamehamisha ramu, wakageuza kebo, wakabadili na soketi ya ukutani kwa mkupuo mmoja. Ukifanya hivyo kompyuta ikawaka hujui kilichoiponya, na isipowaka hujui kama hukuongeza ugonjwa wa pili. Walimu wa sayansi mliomo humu mtatambua kwamba sikuwafundisha jipya.

Tulianza ukutani, tukaja kwenye skrini. Tulichomoa kebo ya picha kwenye kompyuta na kuiacha skrini peke yake ikiwa imewashwa. Ikaandika kwamba haipati mawimbi. Maana yake skrini ni nzima na inaweza kusema. Tukatazama pia kama imewekwa kusikiliza tundu lile lile lenye kebo, kwa kuwa skrini yenye matundu matatu huweza kukaa mchana kutwa ikisikiliza tundu tupu.

Nikauliza, "Kebo hii mliichomeka wapi?" Wakanionyesha tundu la HDMI lililo juu, jirani na matundu ya kipanya na kibodi.

Hilo ni tundu la ubao mkuu. Picha yake hutoka ndani ya prosesa, iwapo prosesa hiyo imejengewa uwezo wa picha. Yetu ni AMD Ryzen 5 5600, na haina uwezo huo. Prosesa za Intel ambazo namba zao zinaishia kwa herufi F ni vivyo hivyo. Tundu lile la juu lisingetoa picha hata mngengoja mpaka mahafali. Kebo ilipaswa kuwa chini, kwenye tundu la kadi ya picha. Jambo hili huwapata watu wengi mno wanaounga kompyuta kwa mara ya kwanza, na haliunguzi kitu cho chote.

Tukaihamisha kebo. Skrini ikabaki nyeusi. Vijana walinywea, mimi niliwaambia kwamba sasa ndiyo tumeanza.

Tukageukia umeme. Kuna kebo mbili ambazo ubao hauwezi kuishi bila yazo: moja pana ya pini 24, na nyingine ya pini 8 inayokwenda pembeni karibu na prosesa. Ya pili husahauliwa sana kwa sababu imejificha kwenye kona, na ikisahauliwa feni huzunguka kama kawaida. Inafanana pia na kebo ya pini 8 ya kadi ya picha, lakini mpangilio wa waya zake ni kinyume. Maumbo ya pini yamefanywa tofauti ili zisiingiliane, na anayetumia nguvu kuziingiza hujitafutia moto. Za kwetu zote mbili zilikuwa zimechomekwa barabara, kila moja mahali pake, na zimefungwa vizuri nyuma ya sahani ya kasha. Nataka aliyeziunga asikie hilo.

Kwa multimita tulipima waya wa njano tukapata 12.1, mwekundu 5.0, wa rangi ya chungwa 3.3, na ile ya kukesha, ya zambarau, 5.1. Inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani ile ya 12 isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Pawa saplai basi haikuwa na hatia.

Niseme neno juu ya hizi pawa saplai, maana wengi wenu mnanunua vitu vya mtumba Kariakoo. Zile za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230. Iliyotoka Marekani huwa imewekwa 115. Ukiichomeka hapa kwetu, penye volti 230, bila ya kuigeuza, utasikia mlipuko na kunusa harufu, na hiyo ndiyo kompyuta iliyoungua kwa kweli. Wala msiifungue pawa saplai kwa udadisi. Ndani yake kuna kapasita kubwa inayotunza umeme wa volti kama 325 hata plagi ikiwa imechomolewa. Wa kidato cha sita watawaeleza wenzao kwa nini 230 inakuwa 325.

Tulipomaliza umeme tukafanya lile ambalo kwa maoni yangu lina faida kuliko mengine yote: tukapunguza. Tuliutoa ubao mkuu ndani ya kasha lake la chuma, tukaulaza juu ya boksi la karatasi lililokuja nao. Diski tukatoa, feni za pembeni tukatoa, kijiti kimoja cha ramu tukatoa. Wakabaki wachache: prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha ramu, kadi ya picha. Sababu ya kuutoa katika kasha ni kwamba ubao hukaa juu ya nguzo fupi za shaba, na nguzo moja ikisahauliwa mahali pasipo na tundu la skrubu hugusa mgongo wa ubao na kuupiga shoti. Tukazihesabu nguzo. Zilikuwa tisa, na matundu ya ubao tisa. Hapo tena kijana wetu alikuwa sahihi.

Kwa kuwa kitufe kilibaki kwenye kasha, tuliwasha kwa kugusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi. Vijana waliliogopa jambo hili, lakini pini hizo hazina umeme wa kudhuru mtu.

Feni ikazunguka. Kitaa cha CPU kikawaka, kikabaki kikiwaka. Kile cha DRAM hakikuwaka kabisa.

Tuliisafisha ramu miguuni kwa pamba na spiriti, maana kwenye unyevu na vumbi ukungu mwembamba hutosha kuifanya isisikike. Tukaichomeka katika tundu la pili kutoka kwenye prosesa, ambalo ndilo watengenezaji wengi wanataka litumike kijiti kikiwa kimoja, tukaibana mpaka ikalia kwa kubana. Kitaa cha CPU. Tukajaribu kijiti cha pili. Kitaa cha CPU. Kisha nikawaambia waiondoe ramu yote, wawashe bila ya ramu. Wakanitazama. Lakini hicho ni kipimo kizuri sana, tena hakina gharama: ubao ulio hai ukikosa ramu hulalamika, kitaa cha DRAM huwaka au spika hulia. Wetu haukulalamika. Ulibaki pale pale kwenye CPU, ukiwa na ramu au usiwe nayo. Yaani mjumbe alikuwa hajafika hata kituo cha kuuliza ramu iko wapi.

Kwa hiyo siku ya Alhamisi jioni tulikuwa tumefika mahali pale pale alipofika fundi: ubao au prosesa. Ndugu zangu, kwa haki, jibu lake halikuwa la kijinga. Upungufu wake ni kwamba aliishia hapo, akatia na neno "kuungua" ambalo hakuwa na ushahidi wake. Kitu kilichoungua huacha harufu, au doa jeusi, au kapasita iliyovimba kichwa. Tuliupitia ubao kwa tochi na kioo cha kukuzia cha maabara ya biolojia, mbele na nyuma. Haukuwa na doa.

Kuitoa prosesa kulichukua uangalifu. Prosesa za aina hii zina pini 1331 chini yake, nyembamba kama nywele za brashi, na gundi ya kupitishia joto ikikauka huishika feni kwa nguvu, hata mtu akivuta feni juu prosesa hung'oka nayo na pini hupinda. Dawa ni kuipasha joto kidogo, kisha kuizungusha feni kushoto na kulia taratibu kabla ya kuinua. Tuliikagua mstari kwa mstari, vijana wakipokezana, jicho moja kwenye mstari na jingine limefumbwa. Hakuna iliyopinda.

Hapo tukafanya jambo rahisi ambalo hakuna aliyelifanya: tukasoma. Mgongoni mwa prosesa, chini ya gundi, imeandikwa Ryzen 5 5600. Prosesa hiyo ilitoka mwaka 2022. Juu ya ubao imeandikwa B450. Mbao za aina hiyo zilianza kuuzwa mwaka 2018. Zina soketi moja, pini zinalingana, inaingia bila ya kusukumwa. Lakini biosi iliyoandikwa katika ubao kiwandani mwaka 2018 ilikuwa na maelezo ya prosesa zilizojulikana mwaka huo. Hii ya kwetu ilikuwa haijazaliwa. Ubao uliokaa dukani miaka kadhaa bila ya kuguswa unaiuliza prosesa, "Wewe ni nani?" na hauna mahali pa kuliandika jibu. Hausemi kosa, kwa sababu programu ya kusema kosa ndiyo yenyewe iliyokwama. Unasimama tu, kitaa cha CPU kikiwaka.

Kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao ipo orodha ya prosesa zote unazozikubali, na mbele ya kila moja imeandikwa biosi inayohitajika kuanzia toleo gani. Tuliitafuta Ijumaa asubuhi kwa simu ya mwalimu wa fizikia. Ryzen 5 5600 imo. Toleo linalohitajika ni jipya kuliko lile lililokuwa limebandikwa kwenye chipu ya ubao wetu, kwa mbali.

Sitawaficha kwamba hapo nilikaa chini. Kompyuta ambayo kila kipande chake ni kizima, kilichonunuliwa kwa fedha za watu humu ndani, ilikuwa imebakiza siku mbili kabla ya kupigiwa kura ya kutupwa.

Kuiandika upya biosi ya ubao usioamka ni kama kumfundisha mtu aliyelala. Njia ya kawaida ni kuazima prosesa ya zamani ambayo ubao unaijua, kuiamshia kompyuta, kuandika biosi mpya, kisha kurudisha prosesa yako. Sisi hatukuwa na prosesa ya kuazima. Lakini baadhi ya mbao, na bahati yetu huu ni mmojawapo, zina kitufe kidogo nyuma, karibu na tundu maalumu la USB. Ukiweka humo faili ya biosi kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mtindo wa FAT32, na kuipa faili hiyo jina linalotakiwa na kitabu chake, ukibonyeza kitufe hicho ubao hujiandika wenyewe. Hauhitaji ramu wala kadi ya picha; hauhitaji hata prosesa kuwemo. Nani aliyetia akili hiyo katika ubao wa bei nafuu simjui, lakini nampa heko.

Hatari yake ni umeme. Ukikatika katikati ya kuandika, chipu inabaki na nusu ya maneno. Kwa ubao wenye kitufe kama hiki unaweza kurudia upya. Kwa ubao usio nacho, hapo ndipo kweli unapokwenda kwa fundi. Hata hivyo sikutaka kujaribu bahati. Tuliunganisha pawa saplai kwenye inveta na betri za sola za maktaba, tukamwomba mtunza maktaba radhi kwa giza, tukabonyeza. Kitaa kikaanza kupepesa. Kilipepesa kwa dakika kama sita, na sijapata kuona vijana wa shule wakiwa kimya namna hiyo nje ya chumba cha mitihani. Kisha kikazimika.

Tulirudisha prosesa, gundi mpya, feni, kijiti kimoja cha ramu, kadi ya picha, kebo chini kwenye kadi. Tukabadili pia kijibetri cha duara, CR2032, ambacho kilipimwa kikawa na volti 2.4 badala ya 3. Wengi hukilaumu kijibetri hicho kwa kila kitu. Kwa kawaida kikifa kompyuta husahau saa na tarehe, na huamka vile vile. Tulikibadili kwa kuwa ni cha bei ndogo, na baada ya kuandika daftarini kwamba kinabadilishwa.

Bisibisi kwenye pini. Kitaa cha CPU kikawaka, kikazimika. Kitaa cha DRAM kikawaka, kikabaki. Nusu dakika. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Kijana mmoja akanyoosha mkono achomoe plagi, nikamzuia. Ubao unapoiona ramu kwa mara ya kwanza huizoeza, na wakati wa mazoezi skrini huwa nyeusi. Kwa ramu hizi za DDR4 ni sekunde kadhaa au nusu dakika. Kwa zile mpya za DDR5 mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa, na naamini kompyuta nyingi nzima hurudishwa dukani kwa sababu mwenye nayo hakungoja. Kitaa cha DRAM kikazimika. VGA kikawaka, kikazimika. Likaja jina la mtengenezaji kwenye skrini, na chini yake orodha fupi: prosesa, ramu, na kwamba diski haipo.

Tukairudisha ndani ya kasha. Kijiti cha pili, tukawasha. Diski, tukawasha. Feni za pembeni, tukawasha. Kila hatua ina mstari wake daftarini. Jana saa kumi jioni ilikuwa na mfumo wake, na yule mwalimu wa fizikia alikuwa anachora juu yake mzunguko wa umeme kwa ajili ya somo la Jumatatu.

Sasa yale mawili niliyoyataja mwanzoni. Kuhusu jambo la nne katika ajenda, mnafahamu sasa kwamba hakuna ubao wa kununua wala prosesa ya kununua. Gharama ilikuwa kijibetri kimoja na kijibomba cha gundi, na vyote nimevilipa. Kama fedha zilizobaki mtazinunulia kompyuta ya kiwandani, haya, ni zenu. Ila sababu iliyoandikwa katika pendekezo, kwamba vijana waliiharibu ya kwanza, haipo, na namwomba Ndugu Mwenyekiti aifute kabla pendekezo halijasomwa.

Kuhusu kijana, nimekwisha kuwaeleza nilivyozikuta kazi zake: kebo mbili za umeme mahali pake, nguzo tisa kwa matundu tisa, pini 1331 zimenyooka, ramu imebana. Nimeunga na kutengeneza kompyuta nyingi. Kazi hiyo ningeweza kuiweka mbele ya mteja. Kebo ya picha ilikuwa kwenye tundu lisilo lake, na hilo halina fidia. Ndugu Mkuu wa Shule ameniahidi asubuhi hii kwamba mzazi atapata barua nyingine kabla ya wiki kwisha, nami nimeomba nakala.

Daftari la mistari 23 liko juu ya meza ya maabara, na kompyuta iko pembeni yake. Kifuniko cha ubavuni tumekiacha wazi ili mtazame vitaa vinne vikipokezana. Maabara itafunguliwa baada ya chakula cha mchana, kabla ya kikao cha ajenda, na mtakaotaka kuonyeshwa mtaonyeshwa na kijana mwenyewe, amekubali. Mwenye multimita asiyoitumia nyumbani, chama hakina hata moja. Hii tuliyotumia ni yangu na nitaondoka nayo kesho.